Chomoa waya wa mtandao, kisha jenga tena

Wauzaji wengi wa vifaa vyenye Linux ndani hudhani bidhaa yao ni ile imeji (faili lenye mfumo mzima wa kifaa) inayopakiwa kwenye bodi kiwandani. Sikubaliani nao. Imeji ni faili tu. Kinachouzwa hasa ni uwezo wa kuijenga imeji hiyohiyo miaka 4 baadaye, siku OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, itakapokutwa na tundu la usalama na kifaa kiko ukutani kwa mteja.

Kipimo ni rahisi. Kwenye Yocto, mradi wa kujengea imeji za Linux za vifaa, weka BB_GENERATE_MIRROR_TARBALLS = "1" ndani ya local.conf (faili la mipangilio), pakua msimbo wote kwa bitbake --runall=fetch ukitaja jina la imeji yako, kisha nakili DL_DIR yote, yaani folda ya vilivyopakuliwa, kwenye seva yako mwenyewe. Baada ya hapo weka BB_NO_NETWORK = "1" ili kuzima mtandao, futa TMPDIR (folda ya ujenzi), ujenge. Futa na SSTATE_DIR pia, hifadhi ya matokeo ya ujenzi uliopita! Ukiiacha, BitBake, programu inayoendesha ujenzi wa Yocto, itaokota vipande vilivyokwisha kujengwa bila kugusa msimbo chanzo, nawe utashangilia jaribio ambalo halikufanyika.

Resipi (faili la maelekezo ya kujenga programu moja) yenye AUTOREV, inayouliza mtandaoni komiti ya karibuni zaidi, itakwama hapo hapo, na heri ikwame kwako kuliko kwa mrithi wako. Andika heshi kamili ya komiti (alama ya kipekee ya toleo la msimbo) kwenye SRCREV. Anayeona huu ni woga akumbuke Machi 2022, GitHub ilipozima itifaki ya git:// na resipi chungu nzima zikashindwa kupakua hadi zilipoongezewa protocol=https. Januari 2023, kumbukumbu za tar ambazo GitHub huzitengeneza yenyewe zilibadilika mgandamizo, na heshi za kuhakiki faili zikakataa kulingana ingawa msimbo haukuguswa hata herufi. Mabadiliko hayo yalirudishwa nyuma upesi, lakini aliyekuwa na nakala zake hakuhitaji kusubiri.

Kosa jingine linalopoteza siku nzima: ujenzi unakufa katikati kwa ujumbe kwamba cc1plus, kompaila ya C++, imeuawa, na mtu anaanza kupekua msimbo wa C++. Msimbo hauna neno, RAM ndiyo imekwisha. Kwenye mashine ya kori 16, BitBake huendesha kazi 16 kwa pamoja, na kila moja yaweza kuzaa michakato 16 ya make. Punguza BB_NUMBER_THREADS na PARALLEL_MAKE hadi 6 au 8, ujaribu tena.

Leseni nazo zisingoje barua ya mwanasheria. GPLv2, leseni ya kiini cha Linux, inadai pamoja na msimbo hati zinazoongoza ukompaili na usakinishaji, na ukichagua njia ya ahadi ya maandishi, ahadi hiyo idumu angalau miaka 3. Buildroot, zana nyingine ya kujengea imeji, hukusanya sehemu kubwa kwa make legal-info, ingawa baadhi ya vitu, kama msimbo wa zana za nje za ukompaili, huachiwa wewe. Kwenye Yocto tumia darasa la archiver.

Na kabla ya kutoa toleo lenyewe, tafuta debug-tweaks, kipengele cha kurahisisha majaribio, kwenye mipangilio yako. Kwenye matoleo ya Yocto ya Kirkstone na Scarthgap humwacha root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) bila nywila, na mifano mingi ya local.conf huja nayo tayari imewashwa.