"Ni majani tu, mwanangu"

Daktari alimuuliza mama mkubwa mara mbili: "Mama, ukiacha vidonge vya presha, kuna dawa nyingine unatumia?" Mara zote mbili akajibu hakuna. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimemshikia pochi, na nilijua kwamba kwake Tanga kuna sufuria ya majani ya mstafeli ambayo haijatoka jikoni tangu mfungo uishe. Nikamkumbusha. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hayo si dawa. Ni majani tu, mwanangu."

Wiki ya pili sasa neno hilo halinitoki rohoni.

Tangu afiwe na mumewe alikuwa hapati usingizi. Jirani akamletea fungu la majani na maelekezo: chemsha saba mpaka maji yafanane na chai ya rangi, kunywa asubuhi na usiku, usikatishe. Akalala. Miezi minne analala vizuri, na hakuna aliyeuliza swali, mimi nikiwemo. Mpaka asubuhi aliponyanyuka kwenye mbuzi ya nazi, akaona giza, akaanguka mlangoni mwa jiko. Presha ilikuwa imeshuka mno. Daktari hakumgombeza. Alimweleza taratibu kwamba majani hayo huweza kushusha presha, na kidonge nacho kinashusha, na mwili ni huo huo mmoja.

Sisemi stafeli halitulizi. Wazee wa visiwa vya Karibi wanakunywa maji ya majani yake ili walale, vizazi na vizazi. Mwaka 1997 watafiti walitoa ndani ya tunda lenyewe alkaloidi, aina ya kemikali za mimea, ambazo kwenye ubongo wa panya zinashika sehemu zile zile zinazopokea serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia na usingizi. Utulivu ule upo. Na hapo ndipo ninapotaka tusimame: kitu chenye uwezo wa kuingia mpaka kichwani na kukulaza hakiwezi kuitwa majani tu. Kidonge tunakiogopa kwa sababu kina karatasi ya maonyo ndani ya boksi. Jani halina karatasi, basi tunaona halina madhara.

Kule Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa, daktari wa mishipa ya fahamu Dominique Caparros-Lefebvre aliona jambo lililomtia shaka. Mwaka 1999, yeye na mwenzake waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu wagonjwa 87 wenye dalili za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukaza mwili, na kati yao 22 tu ndio waliokuwa na Parkinson ya kawaida. Wengi wa waliobaki walikuwa na aina nyingine, ile isiyosikia dawa zilizozoeleka. Walipoulizwa wanakula na kunywa nini, likatajwa stafeli na ndugu yake topetope, tunda na majani.

Baadaye mkono wa lawama ukaelekea kwenye anonasini, kemikali iliyomo ndani ya stafeli, ambayo inazuia seli kutengeneza nguvu zake. Panya waliotiwa kemikali hiyo kwenye mshipa kwa siku 28 walipata majeraha ya ubongo. Vipimo vilivyotolewa 2005 vilikuta kiasi cha miligramu 15 katika tunda moja, na maikrogramu 140 hivi, yaani chini ya robo ya miligramu moja, katika kikombe cha majani. Rudia kusoma hapo. Tunda lina nyingi zaidi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba tunda ni salama na ubaya uko kwenye majani, nikalazimika kufuta. Watafiti walikadiria kwamba anayekula tunda moja kila siku, kwa mwaka atakuwa ameingiza kiasi kinacholingana na kile kilichowadhuru panya.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba panya walitiwa mshipani na sisi tunapitisha tumboni, na kwamba mwaka 2010 mamlaka ya Ufaransa ya usalama wa chakula ilisema ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha uhusiano huo. Sawa. Lakini ushahidi kutotosha si ruhusa ya kunywa vikombe viwili kila siku, miezi minne, juu ya vidonge vya presha au vya sukari.

Mbegu ndizo zinazonitia hofu kuliko vyote. Ni sumu, huko na huko watu huzisaga kuulia chawa na wadudu. Halafu nakuta mtu wa juisi anatumbukiza nyama ya stafeli na mbegu zake kwenye blenda, anasaga, anachuja, anauza. Stafeli linakamuliwa kwa mkono: unamenya, unatenga kila mbegu nyeusi, ndipo unachuja. Inachukua muda, najua. Mjamzito aliache. Mwenye Parkinson aliache kabisa. Na wanaosambaza kwamba linaponya saratani kuliko kemo, ile tiba ya hospitali, wagonjwa wanachelewa hospitali kwa maneno yenu.

Kwa mama mkubwa, sufuria imeoshwa. Binti yake wa mwisho amehamia chumbani kwake, wanaongea habari za marehemu mpaka saa tano, saa sita, na usiku mwingine hakuna usingizi bado. Juzi alfajiri alinipigia: mti wa uani umeivisha moja, je, haruhusiwi hata kuonja? Nikamwambia ale kipande, ila mbegu azitoe. Akazitoa zote, akazifukia mbali na kuku wake.