"Mama akae mpaka atakapofariki": sentensi inayozaa kesi

"Nyumba ya Nkuhungu mama akae mpaka atakapofariki, kisha iwe ya watoto." Wosia wa namna hii, wa nyumba ya mtaa kama Nkuhungu hapa Dodoma, huandikwa kwa upendo, na mimi naupinga. Unaigawa nyumba moja haki mbili: mama anapewa kuitumia maisha yake yote, watoto wanapewa kuimiliki baadaye. Haki ya watoto haizaliwi siku mama anapozikwa. Ipo tangu baba alipofumba macho, inachosubiri ni zamu tu. Basi wako watu wa aina mbili chini ya bati moja, na wosia haujasema lolote kuhusu watakavyoishi. Mjane anageuka mgeni katika nyumba ambayo yeye ndiye aliyechota maji ya kufyatulia matofali yake.

Tena mara nyingi baba amegawa hata kisicho chake. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya mume na mke ni ya wote wawili, kila mmoja na sehemu yake, isipokuwa hati iseme vinginevyo. Hata hati ikiwa na jina la mume peke yake, mke aliyechangia kwa jasho lake kuiendeleza ardhi hiyo amejipatia haki ndani yake. Sehemu hiyo si mirathi. Itolewe kwanza, kabla msimamizi wa mirathi hajaorodhesha mali za marehemu.

Kinachofaa zaidi ni kumaliza jambo mkiwa hai. Wekeni majina yote mawili kwenye hati, na hakikisheni aina ya umiliki imetajwa. Kuna umiliki wa pamoja usio na mafungu: mmoja akifariki, aliyebaki anachukua yote, na nyumba haiingii kabisa kwenye mirathi. Kuna na umiliki wa mafungu, ambapo fungu la aliyefariki linakwenda kwa warithi wake. Penye watoto wa mama tofauti, aina ya kwanza inaweza kuwaacha wengine mikono mitupu, kwa hiyo hapo nashauri mafungu, yakitajwa kwa asilimia.

Kama bado unataka mama akae kisha watoto wapate, andika yale ambayo sentensi moja haiwezi kubeba. Mtoto akifariki kabla ya mama, je? "Iende kwa wanangu watatu" maana yake kila mmoja ana fungu tangu siku ya kifo chako, na akifa fungu hilo linawafuata wanawe. "Iende kwa wanangu watakaokuwa hai siku hiyo" inawatoa wajukuu yatima nje kabisa. Tofauti ni maneno machache, na familia huigundua msibani. Andika pia kama mama anaruhusiwa kupangisha vyumba, na kama akiolewa tena haki yake inakoma au inaendelea. Nani analipa nini? Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, kwa hiyo anayewasha taa ndiye anayelipa bila hata kujua. Pango la ardhi la kila mwaka linabaki bila mwenyewe, na deni linakua.

Shamba la zabibu la Hombolo au Mpunguzi lina mambo yake. Anayetumia kwa maisha yake avune misimu yote miwili ya mwaka, apogoe, auze zabibu. Kung'oa mizabibu ili auze mchanga ni kula mali ya anayesubiri. Halafu kuna fidia. Dodoma hii ya Mji wa Serikali pale Mtumba, reli ya kisasa na uwanja wa ndege wa Msalato, ardhi inaweza kutwaliwa wakati mama bado yu hai. Wosia useme hela hiyo inagawanywaje, la sivyo wa kwanza kufika dirishani ndiye mrithi.

Shamba la ukoo nalo. Kanuni za mila zilizotangazwa 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia, asiliuze. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu kule Mwanza ilisema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Kikao cha ukoo kinachoandika leo "binti alime tu" kinaandika karatasi ya kushindwa nayo mahakamani.

Na wale wanaoandika "lisiuzwe milele"? Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika hapa kwa mirathi isiyofuata mila wala Uislamu, hairuhusu mali imngojee mwenyewe kupita uhai wa watu waliokuwapo siku ya kifo, pamoja na utoto wa atakayefuata mpaka awe mtu mzima; "milele" haisimami. Kwa Waislamu, wasia unaishia theluthi moja, na kumuusia mrithi kunahitaji ridhaa ya warithi wenzake. Mke mwenye watoto kwa marehemu ana thumni yake, yaani moja ya nane, tayari. Anayetaka mali isiuzwe aweke wakfu.

Wosia wa maandishi kwa mila unataka mashahidi wawili kama mwenyewe anajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hajui, wanne. Nakala ihifadhiwe RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Baada ya kifo, msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu kwa Fomu Na. VI. Yeye si mmiliki, lakini hati ikishasomeka kwa jina lake kama msimamizi anaweza kuuza, na hapo anayesubiri anaweza kupoteza kila kitu. Mrithi mwenye wasiwasi aende kwa Msajili wa Hati aweke zuio la mauzo mapema.

Akiwa huko aangalie na tarehe. CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilikuwa ikitoa hati za miaka 33; ilipovunjwa 2017 kazi zake zilihamia halmashauri, na hati hizo zikaanza kubadilishwa kuwa za miaka 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1990 ilikwisha 2023. Kama haijabadilishwa, foleni ya kwanza ni ya kuibadilisha, ya mirathi inafuata.