Mzee akishasaini, nani anadai hesabu?

Agosti 2017, Denzil Lush, aliyekuwa jaji mwandamizi wa Court of Protection, mahakama ya Uingereza inayosimamia mambo ya watu waliopoteza uwezo wa kujiamulia, alitangaza kwamba yeye mwenyewe hatasaini kamwe hati ya uwakilishi ya kudumu. Kwa hati hiyo mzee humkabidhi mtu, mara nyingi mwanawe, mamlaka juu ya akaunti na nyumba yake, na mamlaka hayo hayakomi hata akili zikimpotea. (Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, uwakala hukoma hapohapo.)

Hoja ya Lush ni nzito. Pasipo na hati, mahakama huteua msimamizi, naye huweka dhamana na kutoa hesabu kila mwaka. Mwakilishi aliyepewa hati hadaiwi hivyo. Ni kweli hati husajiliwa, na lazima mtu mwingine athibitishe kwamba mzee anaelewa anachosaini na hakushinikizwa. Lakini ulinzi huo ni wa siku ya saini. Wizi huja baadaye: mama yuko kwenye makao ya wazee, ada ya miezi kadhaa haijalipwa, na taarifa ya benki inaonyesha kadi yake ikitoa fedha taslimu kila wiki. Mama mwenyewe, aliyepaswa kulalamika, hakumbuki tena alikuwa na kiasi gani. Hata sheria ya Uingereza ya 2023 kuhusu hati hizi ililenga kukaza uhakiki wa utambulisho, yaani palepale mwanzoni.

Wanaoitetea hati nao hawasemi ovyo. Bila hati, familia husubiri mahakama kwa miezi, hulipa ada za usimamizi, na huenda mgeni kabisa akakabidhiwa mali. Tena hati ni uamuzi wa mzee mwenyewe. Kumzuia asimteue binti anayemwamini, eti tunamlinda, ni kumvunjia heshima. Na wengi wanaobeba kazi hii ni watoto waaminifu, waliochoka.

Mimi naiunga mkono hati, ila si bila hesabu. Anayenunua chakula na kulipa umeme tusimsumbue kwa makaratasi. Anayeuza nyumba au kuhamisha akiba lazima aulizwe. Sheria isipomuuliza, mzee anaweza kujiwekea ulinzi angali na akili timamu: ateue wawakilishi wawili, aandike kwamba nyumba haiuzwi bila saini za wote wawili, na kwamba kila mwaka hesabu zionyeshwe kwa mtu wa tatu anayemtaja kwa jina. Fomu ya Uingereza ina nafasi ya maagizo kama hayo.