Skana ya pande tatu haioni saratani, na wala si kazi yake

Kipande cha ulimi chenye saratani kikishakatwa hukimbizwa maabara kikiwa kibichi. Huko vinachukuliwa vijinyama kutoka kingo zake, vinagandishwa, vinakatwa vyembamba na kusomwa kwa darubini, huku mgonjwa bado kalala kwa dawa. Dakika 20 hivi baadaye simu inalia chumba cha upasuaji: ukingo wa nyuma, upande wa kina, bado una saratani. Daktari anatazama kidonda ambacho sasa ni shimo lililojikunja, kisha anauliza: nyuma wapi hasa?

Hilo ndilo swali ambalo skana ya pande tatu ililetwa kulijibu. Wengi wanaoibeza wanaipima kwa swali jingine kabisa: je, inaona saratani? Haioni. Projekta inamulika mistari ya mwanga juu ya kipande kilichokatwa, kamera zinasoma jinsi mistari inavyopinda, na kompyuta inajenga umbo lenye rangi zake. Ni ngozi ya nje tu. Kilichomo ndani hakiguswi.

Wenye shaka wana hoja, tena hoja nzito. Nyama inayowekwa kwenye slaidi, kile kioo cha darubini, ina unene wa mikroni 4 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali hukatwa kutoka kipande chenye unene wa milimita 3 au zaidi. Piga hesabu: kinachosomwa ni sehemu moja kati ya 750. Umbo lililopigwa kwa ustadi wote halipunguzi pengo hilo hata chembe. Isitoshe, nyama hujikunyata mara tu inapotengana na mwili, na formalini, dawa ya kuihifadhi, huikaza zaidi, kwa hiyo umbo la kwenye kompyuta halilingani sawasawa na shimo lililobaki kwa mgonjwa. Nyama mbichi inang'aa, na mng'ao huisumbua skana, lazima ikaushwe kwanza. Halafu kuna suala la mikono: nani ashike skana saa nane mchana wakati sampuli zimejipanga mezani? Kwa kibofu cha nyongo au kidole tumbo, sioni sababu ya kujisumbua.

Lakini turudi kwenye ile simu. Mwaka 2001, watafiti Kerawala na Ong walichapisha utafiti mdogo ambao hauniachi. Waliwapima madaktari wa upasuaji wa kichwa na shingo kama wangeweza kurudi mahali palepale walipopachagua wenyewe ndani ya kidonda. Wastani wa kukosea ulikuwa milimita 9 kwenye utando wa juu na milimita 12 kwenye kina. Karibu theluthi moja ya makosa yalizidi sentimita nzima. Sasa kumbuka kwamba katika saratani ya kinywa, ukingo huhesabiwa safi ukiwa na milimita 5 za nyama nzima kati ya saratani na mkato. Yaani mtu anatafuta usalama wa milimita 5 kwa mkono unaokosea kwa 9! Na hao walikuwa wanarudi mahali walipopaona kwa macho yao, si mahali walipoelekezwa kwa maneno ya simu na mtu aliye chumba kingine, anayetazama nyama iliyokwisha kugeuzwa juu chini.

Ndiyo maana hoja ya kujikunyata hainitishi sana. Ni kweli umbo la skana lina kasoro ya milimita kadhaa, ila mshindani wake si umbo kamilifu. Mshindani wake ni neno "nyuma", uzi mmoja wa kuonyesha mwelekeo, na mchoro wa kalamu pembeni mwa fomu. Wino tunaoutegemea kupaka kingo nao hutiririka kwenye nyufa na kuchafua mahali pasipostahili. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, umbo hilo huwekwa alama pale kila kijinyama kilipochukuliwa, na daktari wa upasuaji analiona kwenye skrini, analizungusha, analilinganisha na kidonda. Yeye na mtu wa maabara wanakodolea kitu kimoja.

Kuhusu muda, skana huhitaji takriban dakika 10. Kwa upasuaji wa saa nyingi hizo si nyingi. Hata titi, ambalo mwongozo unataka liingie kwenye formalini ndani ya saa moja, lina nafasi ya kutosha, mradi mtu asianze kutafuta chaja ya kompyuta wakati huo.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani hawaligusi. Tiba ya mionzi baada ya upasuaji wa kichwa na shingo inatakiwa ianze ndani ya wiki 6. Kufikia hapo ule ulimi umeshakatwakatwa na kufungiwa kwenye bloku za nta, hakuna anayeweza kuuunga tena. Pasipo umbo la skana, mpangaji wa mionzi anafungua ripoti na kusoma "ukingo wa nyuma, upande wa kina", kisha naye anauliza swali lilelile la chumba cha upasuaji, safari hii bila mtu wa kumpigia simu.