Kisu cha Kukatia Gazeti

Hivi jamani, Arusha nzima hii, inayonukia mbuzi wa kuchoma kila Ijumaa jioni, kisu kinachokata kimekwenda wapi? Siombi cha ajabu. Naomba kisu ambacho ukikipitisha kwenye nyama, nyama inaachana.

Jana shemeji kashuka na paja la mbuzi. Nimelichoma mwenyewe kwa adabu zote, nimeliacha lipumue dakika kumi ili maji yake yasiishie kwenye sinia, wageni wamenawa, ndizi ziko tayari, kachumbari ipo. Kisu kikaanza kulikanda. Nikiongeza nguvu, paja linahama. Nikilishikilia, kisu kinajikunja. Mwishowe shemeji, mtu wa Rombo, mpole, akasema, "Tulirarue tu, shemeji." Mbele ya watoto!

Ndani kipo kisu kimoja kizuri, lakini ni cha mama watoto, cha mchicha na vitunguu. Ukikigusa kwa mambo ya nyama utalala njaa huku nyama iko mezani. Na usiniambie nikaombe kwa wachomaji. Nenda Kwa Mrombo ukaangalie kisu cha mchomaji: kimenolewa mpaka ubapa umebaki upana wa kidole, mpini kaufunga mpira wa tyubu, na kinapita kwenye mbuzi bila kelele. Mwambie akuuzie. Anakuuliza umetokea wapi.

Basi leo asubuhi nikavaa koti, nikateremka Kilombero sokoni. Mimi ni fundi mstaafu, nimezeekea kwenye gereji za Unga Limited, chuma nakijua kwa harufu. Nikasema leo nachagua kisu kwa utulivu na heshima.

Pembeni ya barabara kuna chalii katandaza turubai, visu kavipanga kwa urefu, vinang'aa mpaka macho yanauma.

"Karibu faza. Chagua chuma. Vyote orijino."

"Nataka cha kukatia nyama choma."

"Umefika."

Akanyanyua kirefu kuliko vyote, akashika ukurasa wa gazeti, akaupasua katikati, swaaa! Akanitazama.

"Nimeona," nikamwambia. "Sasa mimi gazeti silichomi."

"Faza, kikikata gazeti kinakata chochote."

"Wembe nao unakata gazeti. Umewahi kuona mtu anakata paja la mbuzi kwa wembe?"

Akafikiri kidogo. "Wapo," akasema.

Akanipa kingine, chenye meno ya msumeno. Nikamwambia hicho ni cha mkate. Nyama choma inataka makali laini, na ubapa mrefu mwembamba, sentimita 25 hivi, uvute mara moja kipande kitoke, siyo uende na kurudi unatengeneza unga. Na unakata kwa kukingama na nyuzi. Mbuzi wa mnada wa Meserani hakuja kwa basi, katembea, nyuzi zake zimekaza. Ukimkata kwa kuzifuata utatafuna mpaka Jumatano. Chalii anatikisa kichwa kwa heshima, huku anamwita mteja mwingine kwa jicho.

Nikakigeuza kile kirefu. Ubavuni kimeandikwa SOLINGEM GERMANY. Chini yake, kwa herufi ndogo: JAPAN STEEL. Nikashusha miwani. Solingen ni mji wa Ujerumani, walianza kufua visu na panga za vita karne nyingi zilizopita, na tangu 1938 jina hilo linalindwa kwa sheria. Kisu ambacho hakikutengenezwa huko hakiruhusiwi kuliandika.

"Kijana, hii M imetoka wapi?"

"M ya Made, faza."

Hakupepesa hata jicho. Huyo atakuwa mbunge.

Kufikia hapo watu walishaanza kujaa. Mama muuza ndizi kanigeukia: "Baba, chukua kisu uende, unamzibia mtoto riziki." Bodaboda mmoja, hakuulizwa na mtu, akasema mzee anunue panga yaishe. Nikamgeukia. Panga ni la mbavu, juu ya gogo! Mnofu unataka kisu! Mambo mawili hayo! Akawasha pikipiki yake akaondoka, lakini madhara ameshayafanya, maana sasa kundi limegawanyika, wapo wa panga na wapo wa kisu, na mimi nimesimama katikati na koti langu.

Chalii akaona amalize mchezo. Akatoa sumaku, imeng'olewa kwenye spika ya redio.

"Faza, cheki mwenyewe." Akaiweka kwenye ubapa, ikateleza, ikaanguka kwenye turubai. "Haishiki! Stenlesi tupu!"

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mama wa ndizi akapiga makofi. Na hapo ndipo heshima yangu yote ikaniisha, koti na miwani na ustaafu.

Kwa sababu stenlesi hazifanani! Zote zina kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi, ndiyo inayozuia kutu. Lakini ile ambayo sumaku haiishiki ndiyo ya masufuria na vijiko, ina nikeli, na hata uitie moto kiasi gani na kuipoza ghafla, haigeuki kuwa ngumu. Makali hayakai. Stenlesi ya visu ina kaboni ya kutosha, inapikwa moto ikakaza, na sumaku inaing'ang'ania vizuri kabisa. Nikayasema hayo yote kwa sauti, palepale, nimeshika sumaku mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Nikamaliza: "Kijana, umenithibitishia mbele ya mashahidi kwamba unauza kijiko kirefu."

Kimya. Nikakamata mpini nikautingisha, ukatingishika. Kisu cha kazi chuma chake kinatembea mpaka mwisho wa mpini na kinashikwa kwa ribiti. Hiki kimeingia inchi moja kwenye plastiki, mengine wamemwachia Mungu na gundi.

"Bei gani?" nikauliza.

"Elfu nane."

"Elfu nane ya nini?"

Chalii akanitazama kwa huruma. "Kwani faza, unanunua au unafundisha?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Sikununua. Lakini tangu saa ile sijatulia. Mtu mzima anataka nini maishani? Kiberiti kiwake. Kitasa kifunge. Ndoo isiachie mpini njiani na maji yake. Kisu kikate. Kila kitu siku hizi kinang'aa, kimeandikwa Ujerumani, na hakifanyi ile kazi moja tu kiliyoletewa duniani. Unanunua mara nne kwa bei rahisi, halafu unaambiwa wewe ndiye mchoyo, hutaki vitu vya gharama. Vya gharama viko wapi? Navyo vimeandikwa Solingem!

Yule mnoa visu wa baiskeli naye kanishikia kile cha jana kwenye jiwe mpaka cheche zimekwisha na makali yamegeuka bluu. Bluu maana yake yameungua. Kanitoza na hela.

Dawa ninaijua. Ni kupanda Mamba, jirani na Marangu, kwa wahunzi. Wale wakikufulia kisu cha springi ya gari, umepata chuma chenye kaboni. Ukikilaza na maji kinaota kutu, sawa, lakini unakifuta, unakipaka mafuta, na kinakata.

Tatizo ni kwamba huwezi kupanda Uchagani ukashuka bila kadi ya harusi. Haiwezekani. Utakutana na binamu kabla hujavuka mto. Na harusini huko ndiko utaona mambo: ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, kakaushwa vizuri, kasimama mezani na majani mdomoni, halafu maharusi wanapewa kisu kimefungwa utepe mwekundu, butu kabisa, MC anahimiza "kata, kata," bwana harusi anasukuma, jasho linamtoka kwenye suti ya kukodi, na ndafu anatutazama tu. Mwishowe unaona mjomba anatoka nyuma na kisu chake mfukoni.

Halafu kadi yenyewe ina bei: mtu mmoja kiasi hiki, wawili kiasi kile. Kamati wanakupigia saa nne usiku kukukumbusha ahadi. Ahadi gani? Mimi nilisema "nitaona." Nitaona siyo ahadi, aisee! Nimewaambia hivyo, mwenyekiti akanijibu kwamba wameshaniandika kwenye daftari, na kwamba kwenye daftari nimeandikwa wawili.