Amplifaya ya karakana ya magitaa Kisumu: ndogo, lakini ipi?

Fundi wa magitaa mjini Kisumu hachagui wateja. Asubuhi analetewa gitaa la solo la bendi ya benga, ambalo sauti hukatika kila mpigaji akigeuka. Mchana linakuja besi la kanisa, linalovuma hata likiwa halijaguswa. Jioni mtu anashuka kutoka Vihiga au Kakamega na gitaa la boksi la kupigia omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya. Amelibandikia pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya bei ndogo na sasa linatoa sauti ya bati. Yote matatu hayana budi kuchomekwa mahali yasikike, kabla ya kazi na baada yake. Na kwa vile kibanda cha Kibuye au Kondele aghalabu ni meza moja, kiti kimoja na ukuta wa kuning'inizia vyombo, amplifaya ya kuyasikilizia lazima iwe ndogo.

Hapo ubishi unaanza. Wako wanaosema fundi anunue amplifaya ya kidijitali, ile inayoiga sauti za amplifaya nyingine na kuongeza mwangwi na madoido mengine ndani ya boksi moja. Wengine wanashikilia ile ya transista ya kawaida, yenye vitufe vinne au vitano na basi. Wapo pia wachache wanaoapia valvu, zile taa za kioo zilizotangulia transista. Hawa wa mwisho nitaanza nao kwa sababu kuwajibu si kazi kubwa, ingawa hoja yao si ya kupuuzwa.

Anayetetea valvu husema kwamba amplifaya ya namna hiyo huonyesha mkono wa mpigaji: ukigusa uzi polepole inanyamaza nawe, ukichapa inakuchapia. Ni kweli. Kifaa kama Fender Blues Junior, wati 15 na spika moja ya inchi 12, ni kidogo kwa umbo na kinasikika vizuri mno. Lakini mwulize fundi ni wateja wake wangapi wana valvu nyumbani au kanisani. Bendi nyingi za huku hupigia amplifaya za transista, au huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa. Zaidi ya hapo, valvu yenyewe huzeeka, na ikizeeka inaweza kuanza kulia na kutetemeka kwa sauti yake. Sasa fundi anasikia mlio na hajui kama umetoka kwenye pikapu ya mteja au kwenye valvu yake. Valvu nyingi za amplifaya hizi huhitaji voliti 6.3 kuwasha nyuzi zao za moto, na stima ya mtaani ikishuka chini ya voliti 240 zinazotarajiwa, nazo zinapungukiwa na sauti inabadilika. Chombo cha kupimia ambacho nacho kinabadilika saa kumi jioni, watu wakianza kuwasha majiko ya umeme, hakina kazi mezani pa fundi. Kiwekwe nyumbani, kipigiwe muziki.

Ubishi wenye uzito ni kati ya dijitali na transista, na hapo pande zote mbili zina la kusema.

Hoja ya kwanza ya dijitali ni nafasi. Roland Micro Cube GX ina spika moja ya inchi 5, wati 3, sauti nane za kuchagua, chombo cha kutyuni ndani yake, na inaendeshwa na betri sita ndogo za AA. Fundi anaipachika juu ya rafu kando ya chupa ya gundi. Stima ikipotea, na hupotea, kazi haisimami. Anayetaka nguvu zaidi ana Boss Katana ya wati 50, iliyotoka mwaka 2016, yenye swichi ya kushusha nguvu hadi nusu wati ili jirani mwenye cherehani asije kulalamika. Ndani yake kuna sauti tano, mojawapo ikiwa ya gitaa la boksi. Kwa fundi ambaye siku moja inamletea vyombo vya aina tatu, hiyo si anasa.

Hoja ya pili naiona nzito kuliko hiyo ya nafasi. Mteja haji kuchukua gitaa lililopona kwa vipimo. Anakuja kuchukua gitaa ambalo masikio yake yameridhika nalo. Kijana wa bendi ya kanisa anayetaka sauti yenye mwangwi mrefu hataridhika ukimchezea kamba kavu kwenye amplifaya isiyo na chochote, hata kama kazi imefanywa sawasawa. Atasema, "Lakini halisikiki kama lilivyokuwa." Ukiwa na boksi la dijitali unambonyezea sauti anayoijua, anacheka, analipa. Wanaodharau jambo hili wamesahau kwamba karakana ni biashara.

Lakini kabla ya kulipa kuna kutafuta ugonjwa, na huko ndiko dijitali inaponitia shaka. Amplifaya nyingi za aina hii zina kizuia-kelele ndani: sauti ikiwa ndogo kuliko kiwango fulani, mlango unafungwa. Gitaa lenye waya wa ardhi uliokatika litavuma, kizuizi kitaufunika mvumo ule, na fundi ataambiwa na amplifaya yake kwamba kila kitu ni shwari. Mwigo wa amplifaya zilizokazwa hadi sauti ikwaruze nao hubana sauti: noti kubwa zinashushwa, ndogo zinainuliwa. Pikapu iliyoinama upande mmoja, ambayo uzi wa kwanza unasikika hafifu kuliko wa tatu, inasikika imelingana. Ni mizani ya sokoni ambayo muuzaji ameiwekea kidole.

Kwa wapiga benga jambo hili linauma zaidi. Solo ya benga, kama ilivyoenezwa na D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, inakaa kwenye nyuzi nyembamba na inapanda juu ya shingo. Noti zinafuatana haraka na kila moja inasimama peke yake, kwa sababu mtindo wenyewe umechukua mengi kutoka kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Hakuna ukungu wa kujifichia. Freti iliyolika, uzi unaogonga, noti inayokufa kabla ya wakati wake, vyote vinasikika na wasikilizaji pale klaimaksi inapofika na waimbaji wamenyamaza. Fundi akilijaribu gitaa hilo kwa sauti iliyotiwa mwangwi na kubanwa, anamrudishia mteja ugonjwa aliokuja nao. Na mteja atautambua jukwaani, si kibandani.

Watetezi wa dijitali watajibu kwamba kizuia-kelele huzimwa, na sauti safi huchaguliwa. Ni sawa, na fundi makini atafanya hivyo. Ila kuna miundo ambayo mpangilio huo umefichwa ndani ya programu ya kompyuta au ya simu, na karakana yenye shughuli haina muda wa kuunganisha simu kila asubuhi. Kitufe ambacho lazima ukumbuke kukizima ipo siku utakisahau.

Transista ya kawaida haina cha kuficha kwa sababu haina mengi ya kufanya. Gitaa linaingia, linakuzwa, linatoka. Mfano unaojulikana duniani wa sauti safi ya transista ni Roland JC-120 ya mwaka 1975; mdogo wake JC-22, wenye wati 30 na spika mbili za inchi 6.5, unatosha juu ya meza, ingawa bei yake itamtisha fundi wa Kondele. Si lazima afike huko. Vox Pathfinder 10, wati 10 na spika ya inchi 6.5, au yoyote ya kundi hilo yenye chaneli safi ya kweli, itafanya kazi ya kutafuta ugonjwa vilevile.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: hii ni amplifaya ya fundi, na fundi ataifungua siku moja. Amplifaya nyingi ndogo za transista huendeshwa na IC (vipande vya saketi) za kawaida kama TDA2030 upande wa kukuza nguvu na 4558 upande wa mwanzo, vitu ambavyo mtu huulizia kwenye duka la spea za redio na kubadilisha kwa solda ya kawaida. Boksi la dijitali lina vipande vidogo kama punje za mtama vilivyobandikwa juu ya bodi, na prosesa iliyobeba programu ya kampuni. Likifa, mara nyingi limekufa. Kwa mtu mwenye bendi hiyo ni hasara ya kawaida. Kwa fundi ni aibu, chombo chake kimelala kibandani mwake na hawezi kukiamsha.

Anayekwenda dukani na aangalie vitu vichache bila kuhangaika na idadi ya wati. Mlango wa gitaa uwe na ukinzani wa karibu megaomu 1, kwa maana pikapu zisizo na betri zikikutana na mlango wenye ukinzani mdogo hupoteza sauti za juu, na fundi atadhani potenshiomita, ile ya kuzungusha sauti kwenye gitaa, imeharibika. Kama kuna milango ya kutoa na kurudisha sauti nyuma ya amplifaya, bora zaidi: fundi anayeletewa pedali atazijaribu mbele na katikati, na amplifaya iliyonyamaza ataigawa nusu mbili ajue ni upande upi mbovu. Tundu la hedifoni linasaidia kusikia mkwaruzo mdogo wa potenshiomita chafu pale matatu zinapopiga honi nje. Mwangwi wa ndani si wa lazima, lakini ukiwapo mmoja, wa kuzimika kwa kitufe cha mbele, utamridhisha yule kijana wa kanisa.

Suala la ardhi nalo linastahili muda kuliko linavyopewa. Vibanda vingi vimevutiwa stima kwa waya wa kuongezea kutoka duka la jirani, na pini ya tatu ya plagi haifiki popote. Amplifaya bora kupita zote itavuma hapo. Kanuni ambayo mafundi wanaijua ni hii: gusa nyuzi, mvumo ukipungua, waya wa ardhi wa gitaa ni mzima, usipobadilika, au ukizidi, tafuta waya uliokatika karibu na daraja la nyuzi. Kanuni hiyo hupotosha soketi ikiwa haina ardhi. Hapa ndipo nakubaliana na wapenda dijitali bila kinyongo, kwa sababu kile kiboksi cha betri kinaweza kutolewa nje, mbali na waya za ukutani na taa za tyubu. Mvumo ukiisha kabisa huko nje, chanzo ni kibanda. Ukibaki, chanzo ni gitaa au waya wake. Transista inayotegemea soketi haiwezi kukupa jibu hilo.

Wengi wanakimbilia vitu vya mitumba, na sina ubaya nao. Ila chombo kilichotengenezewa Japani kinataka voliti 100, cha Marekani voliti 120, na ukikichomeka kwenye 240 zetu moshi utaonekana kabla ya sauti. Soma kibandiko cha nyuma. Transfoma ya kushusha umeme inaweza kuokoa hali, lakini ni kitu kizito cha pili sakafuni, na ikiwekwa karibu na meza itatia mvumo kwenye pikapu za koili moja. Ukijumlisha hayo yote, ile bei nafuu si nafuu sana.

Kwa besi na gitaa la boksi pande zote mbili zina udhaifu. Uzi mnene wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, nusu ya ule wa gitaa la kawaida, na spika ya inchi 6 haiwezi kuutoa vizuri; ukiongeza sauti unaipasua. Kwa sauti ya chini inatosha kujua kama jeki inakatika au pikapu imekufa, si zaidi. Gitaa la boksi lenye pikapu ya kubandika linahitaji spika inayofikia sauti za juu sana, ambazo spika ya gitaa la umeme huzikata makusudi. Spika yenye amplifaya yake, ya aina inayotumiwa na MC wa harusi, au amplifaya ya kinanda, ndiyo inayofaa hapo. Fundi asiitafute ndani ya boksi moja la gitaa, awe amelipia mwigo wa sauti tano au hamsini.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ningeiweka kwenye transista safi ya wati 10 hadi 30, spika ya inchi 8 ikipatikana, ya voliti 240, ambayo fundi anaweza kuifungua. Ya pili, miezi ikipita na kazi ikiingia, iende kwa kidijitali kidogo cha betri, cha kuwaonjesha wateja na cha kutoka nacho nje mvumo ukileta ubishi. Fundi ambaye nusu ya kipato chake ni kufundisha vijana gitaa anaweza kugeuza mpangilio huo na asikosee, maana mwanafunzi hataki kusikia ugonjwa, anataka kusikia wimbo. Yeyote kati yao aende dukani na gitaa lake bovu na waya wake mwenyewe, si lile zuri la kuonyeshea lililoning'inia ukutani, kisha aombe vitufe vyote vya madoido vizimwe kabla ya kuchomeka.