Katazo la simu kwa madereva wa serikali: limbane na bosi anayepiga

Gari la serikali lenye namba za STK linatoka Segera kuja Tanga, limeshaipita Muheza, mshale uko kwenye 80. Simu inaita. Dereva akiitupia macho kwa sekunde tano, gari limekwenda mita 111 bila mtu wa kuliangalia. Ndani ya mji, kwa mwendo wa 50, sekunde hizo hizo ni karibu mita 70. Na Tanga ni mji wa baiskeli: kwenye barabara za namba za Ngamiani mtu huchomoza konani na gunia nyuma, naye hana kioo cha kumwonyesha nani anakuja.

Wapo wanaokerwa na wazo la kuwakataza watumishi wa umma peke yao kutumia simu wanapoendesha. Bodaboda anachati mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, daladala naye vivyo hivyo, kwa nini aanzwe dereva wa halmashauri? Malalamiko hayo yana haki yake, lakini yanasahau jambo moja: serikali ni mwenye gari, mwenye mafuta na mlipa mshahara. Tarehe 1 Oktoba 2009 Rais Barack Obama wa Marekani alitia saini Amri ya Rais namba 13513. Sheria za barabarani kule ni za majimbo, kwa hiyo kalamu yake isingeweza kumkataza kila Mmarekani. Kama mwajiri, aliweza. Watumishi wa serikali kuu wakakatazwa kuandika au kusoma meseji wanapoendesha gari la serikali, wanapoendesha gari lao binafsi kwa shughuli za kazi, au wanapoendesha huku wakitumia simu waliyopewa na ofisi.

Amri ile ilikuwa na kasoro, nayo ndiyo inayoigwa zaidi: iligusa meseji, ikaacha maongezi. Wengi husema spika au kifaa cha sikioni vinatosha, mradi mikono yote iko kwenye usukani. Majaribio ya David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah hayakubaliani nao. Dereva anayeongea bila kushika simu huweza kukielekezea kitu macho na bado asikione, kwa sababu akili iko kwenye maongezi. Abiria aliye kando ni tofauti. Akiona lori limesimama mbele, hunyamaza au hupiga kelele. Anayepiga kutoka ofisini haoni lori, anaendelea kudai taarifa ya robo mwaka.

Tena vifaa vyenyewe vina visa vyao. Dirisha likiwa wazi kwa joto la pwani, spika haisikiki, basi dereva huishia kuinua simu sikioni. Kuziba masikio yote mawili kunaficha honi ya bodaboda anayepita kushoto. Kishikio cha simu kikibandikwa katikati ya kioo cha mbele huziba sehemu ile ile ambayo mtembea kwa miguu hutokea. Waya wa chaji nao hujisokota kwenye gia.

Upande wa pili una hoja nzito moja: dharura. Gari la wagonjwa linalotoka Pangani kwenda Hospitali ya Bombo lazima liwasiliane na wanaolisubiri. Ni kweli, lakini ndani yake kuna muuguzi, na simu ya safari inapaswa kukaa kwake. Amri ya Obama iliwaruhusu wakuu wa idara kuwasamehe watumishi wa ulinzi, usalama na dharura. Ramani pia haikukatazwa, kwa masharti: kifaa kiwe kwenye kishikio kilichofungwa garini, na njia ipangwe kabla ya kuondoka au gari likiwa limeegeshwa nje ya barabara. Sharti hilo linafaa kunakiliwa kama lilivyo. Njia ya Mombo kwenda Lushoto, kwa kona zile, si pa kutafuta ramani kwa kidole gumba.

Panapovuja hasa ni kwa anayepiga. Dereva asiyepokea simu ya mkurugenzi huulizwa jioni, "Ulikuwa wapi?" Katika hali hiyo katazo linalomlenga yeye tu linamweka kati ya faini na barua ya kujieleza, na atachagua faini. Marekani walilitazama hili kwa madereva wa magari ya biashara: kanuni iliyoanza Januari 2012 ilikataza kushika simu, ikaweka faini ya hadi dola 2,750 kwa dereva, na hadi dola 11,000 kwa kampuni inayomruhusu au kumlazimisha.

Waraka wa kwetu ungeanza hapo. Ofisi ikitaka kumpata dereva, impigie mkuu wa msafara aliyekaa naye. Akiwa peke yake, kabla ya kuwasha gari aandike "niko njiani, nitapiga nikifika Muheza", azime mlio, simu iingie kwenye kisanduku cha dashibodi. Akisimama kupiga, asimame kituo cha mafuta au cha basi, si kwenye bega la barabara baada ya kona, na muda wa kusimama uandikwe kwenye daftari la safari. Ikitokea ajali, daftari lilinganishwe na orodha ya simu zilizopigwa na kupokewa. Namba ya ofisini ikionekana dakika ile, aliyepiga naye aitwe kuhojiwa.